Wapima udongo waliokuja kiwanjani kwangu Luchelele: nyota nne, na ile moja niliyowanyima

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Uhandisi sikusomea, ila kukagua mzigo kabla ya kutoa hela ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto, na kwa jicho hilohilo nilikaa na wapima udongo tangu gari lao lilipoingia kiwanjani mpaka ripoti ilipopigwa muhuri. Watu wamenihoji sana. Hapa mjini ukisema umelipa shilingi 3,500,000 ili watu waje watoboe ardhi, waondoke na vifuko vya udongo kisha warudi na makaratasi, wanaona umeliwa. Sikuliwa. Hela ilifanya kazi, ingawa si kwa yale wanayoyatangaza kwenye vipeperushi vyao. Jina la kampuni siliweki hapa, maana mengine nitakayosema si mazuri na wenyewe nilishawaambia uso kwa uso. Anayelitaka aje Mwaloni aniulize.

Kiwanja kiko Luchelele, kwenye mteremko unaoangalia ziwa, nje ya zile mita 60 za ufukweni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe bila shughuli za kudumu za kibinadamu. Nataka kujenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa mbili juu ya vyumba vya chini, kwa sababu chuo cha SAUT kiko jirani pale Malimbe na vijana wanahangaika na vyumba. Kona ya juu ya kiwanja ina majabali ambayo mbuzi wa jirani wanayapanda kila asubuhi. Kona ya chini ni kichanga na magugu, na ukichimba shimo la choo kule unakutana na maji kabla hujafika mbali. Kati ya kona hizo mbili hakuna hata hatua sitini.

Injinia niliyempa kazi ya kuchora nondo alikataa kuanza. "Mama, hizo nguzo nizisimamishe juu ya nini?" Sikubishana naye. Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, hata sisi tusioelewa michoro tumejifunza kuuliza, na fundi anayekujibu "mama usijali" namwogopa kuliko anayedai hela nyingi.

Nilipokea bei tatu. Wa kwanza, fundi anayejulikana mtaani, alitaka achimbe shimo moja la mita moja katikati ya kiwanja, alitazame, aniandikie karatasi. Wa pili walikuwa na ofisi na kompyuta, nao wakanipa ofa ya ajabu: kwa kuwa walishampima mtu wa kiwanja cha tatu kutoka kwangu, wangenitolea ripoti kwa robo ya bei bila kufika kabisa. "Udongo ni uleule, mama." Hao niliwaaga.

Nina jirani, mzee aliyestaafu kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Msukuma yeyote mwenye shamba, alisema, anajua udongo haukai uleule hata kwenye mteremko mmoja. Juu ni mawe, ukishuka kidogo unakanyaga luseni ya mchanga, ukishuka tena unakuta itogolo, ngumu kiangazi na yenye kutuamisha maji wakati wa mvua, na bondeni kabisa ni mbuga nyeusi inayopasuka nyufa za kuingiza mguu jua likiwaka. Mpangilio huo unajirudia kilima hadi kilima. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga, aliuandika miaka ya 1930 na kuuita katena, na wanaosomea udongo duniani bado wanausoma hadi leo. Mzee alinionya pia nisiende Ukiriguru na gunia la udongo kuomba nipimiwe msingi, kama shoga zangu wawili walivyonishauri. Kule wanapima rutuba: naitrojeni, fosforasi, uchachu. Pamba inataka kujua udongo una chakula gani. Hosteli inataka kujua udongo utatitia kiasi gani ukibebeshwa.

Kampuni ya tatu, ndiyo hii ninayoipa nyota, ilikuja na Canter, mashine ya kuchoronga, tangi la maji, na watu wao: dereva, wachorongaji wawili waliowahi kufanya kazi migodini Geita, fundi sanifu, na binti mjiolojia ambaye kwa umbo ungedhani ni mmoja wa wapangaji wangu watarajiwa. Wachorongaji walimwita "dada jiolojia", nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Mpango ulikuwa matobo matatu: kona ya juu, katikati, kona ya chini. Kona ya juu haina hadithi. Kichanga cha mita moja na ushee, kisha mwamba, na mwamba ukaendelea kuwa mwamba.

Kilichonifanya nivute kiti ni nyundo. Wakishachoronga hadi kina wanachotaka, wanashusha bomba la chuma lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa tena, kisha wanaligonga kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoachiwa kutoka kimo cha sentimita 76. Uzito na kimo hicho havibadiliki ukienda Marekani au Japani, ili mapigo ya huku yaweze kulinganishwa na ya kule. Fundi sanifu alichora kwa chaki alama tatu kwenye fito, kila moja sentimita 15 kutoka kwa nyingine. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza yanaandikwa lakini hayaingii kwenye hesabu, kwa sababu udongo wa pale juu umeshavurugwa na mashine. Ya vipande viwili vinavyofuata yanajumlishwa, na jumla hiyo wanaiita N. Kona ya chini, kwenye mita moja na nusu, nilihesabu nao kwa sauti: nne, kisha tano. N ni 9. Kwa mchanga, dada akaniambia, huo ni ulegevu. Kwenye mita 3 ikawa 14, kwenye mita 6 ikafika 38. Yakifika mapigo 50 na bomba halijamaliza safari yake, wanaacha na kuandika kuwa limekataa.

Kama na wewe utawaita watu wa kazi hii, kaa hapo kwenye nyundo. Ikiachiwa kabla haijafika juu, mapigo yanaongezeka na udongo unaonekana mgumu kuliko ulivyo. Kuna jioni mchorongaji alichoka akaanza kuivuta nusunusu. Dada hakugombana. Alikata mstari juu ya namba zile, akaagiza tobo lisafishwe na wagonge upya chini kidogo, akasimama pembeni ya kamba mpaka wakamaliza.

Bomba likipanda wanalifungua vipande viwili, na udongo unaonekana umelala kwa mpangilio uliokuwa nao ardhini. Dada alikata kipande kwa kisu, akakilowesha, akakiviringisha kiganjani, kisha akachukua chembe akaitia kwenye meno ya mbele. Nilicheka peke yangu, maana hivyo ndivyo tunavyowakagua dagaa walioanikwa mchangani: jicho linadanganywa, jino halidanganyiki. Mchanga unakwaruza. Udongo wa tope, ule ulio kati ya mchanga na mfinyanzi, unakwaruza kwa mbali. Mfinyanzi wenyewe unateleza tu na kunata. Aliandika alichokiona, akaweka sampuli kwenye mifuko miwili ili unyevu usitoke, akabandika lebo ya tobo, kina na tarehe. Kuna kampuni, aliniambia yule fundi sanifu, ambazo sampuli zinapanda gari bila lebo na zinapewa majina zikifika mjini.

Sasa tobo la katikati, ambalo peke yake lilirudisha hela yangu. Kwenye mita 2.8 mashine ilibadili sauti. Ilikuwa ikinguruma, ikaanza kulia. Wakafunga biti ya almasi, yaani kichwa cha kukatia mwamba, wakatoa kipande cha graniti safi, kijivu chenye punje za waridi, kizuri mpaka nikawazia meza ya jikoni. Mchorongaji mkuu akafuta mikono. "Tumegonga mwamba, dada. Tufunge." Jua lilikuwa kali, tangi lilikuwa limebakiza maji kidogo, na kusema kweli hata mimi mwenye hela nilikuwa nimeshafurahi. Mwamba kabla ya mita tatu, nani anataka zaidi?

Dada akasema hapana. Waingie mita 3 ndani ya jiwe, ndipo atakapokubali kuliandika mwamba. Mchorongaji akamwambia yeye anachoronga tangu dada akiwa shule ya msingi. "Sikatai, kaka," akajibu, "lakini Mwanza hii, ukiona jiwe hujaona mwamba." Dereva akatumwa kwenda kujaza tangi. Wakaendelea. Mita 3.5, graniti. Mita 4, graniti. Nilikuwa nimeanza kumhurumia binti wa watu. Kwenye mita 4.4 mashine ikadidimia ghafla, sauti ikarudi kuwa ngurumo, na maji yaliyokuwa yakipanda rangi ya kijivu yakageuka kahawia. Kilichotoka safari hiyo ni udongo: kahawia, wenye chembe zinazometameta, unaovunjika kwa vidole. Chini ya lile jiwe zuri palikuwa laini. Mwamba wenyewe, ule waliouingia mita tatu nzima bila kutokea upande wa pili, ulikuja kupatikana kwenye mita 9. Mchorongaji alimtazama dada, akatema mate pembeni, akaongeza fito nyingine.

Nilimuuliza jiwe linawezaje kulala juu ya udongo humo ardhini, nani alilibeba. Akanielekezea mjini, kwenye Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni anapiga nalo picha. Graniti ya huku ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ina mipasuko ya asili inayokatana. Maji ya mvua yanapenya humo na kuuozesha mwamba taratibu. Madini yaitwayo feldspa yanageuka mfinyanzi. Kwatzi haiozi, inabaki punje za mchanga, ndiyo maana kichanga cha vilima vyetu kinakwaruza miguu. Kona za kila bonge zinaliwa kwanza kwa kuwa maji yanazishambulia kutoka pande tatu, kwa hiyo bonge linabaki la mviringo, likizungukwa na mwamba uliooza. Yote hayo yanatokea chini ya ardhi. Mvua zikija kuuchukua ule uliooza, mabonge yanabaki nje yamepandana. Basi penye mabonge juu, mengine bado yamezikwa chini, na hosteli yangu ilikuwa inakwenda kukalia mojawapo. Watu wa milimani, Igogo na Mabatini, wanaujua upande wa pili wa jambo hili: jabali likiondokewa na udongo unaolishikilia, nalo linaweza kuondoka.

Kwa hiyo ripoti ya kiwanja cha tatu isingenifaa hata kwa bure. Na lile shimo la fundi la mita moja lingesema kichanga kizuri, mama jenga.

Vipande vya mwamba walivipanga kwenye masanduku ya mbao, kina kimeandikwa ubavuni, wakavipiga picha vikiwa vimeloweshwa ili rangi na nyufa zionekane. Dada alipima kwa rula kila kipande chenye sentimita 10 au zaidi, akajumlisha urefu wao, akagawa kwa urefu waliouchoronga. Ukipata zaidi ya asilimia 90, mwamba ni bora. Chini ya 25 ni mbovu kabisa. Lile bonge la katikati lilipata 96. Mwamba halisi wa mita 9, kwenye mita yake ya kwanza, ulipata 40, kwa sababu kichwa chake bado kimechakaa. Namba peke yake ingemsifia mwizi. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza kuhusu ukubwa wa mashine na upya wa gari: waulize kwanza ni nani atakayesimama pale na daftari, na je, wachorongaji wakimwambia tufunge, ana ubavu wa kukataa?

Maabara walinikaribisha baada ya mimi kung'ang'ania. Hapo sina malalamiko, ni pasafi na vijana wanaipenda kazi yao. Nilichokaa nacho zaidi ni kikombe kidogo cha shaba chenye mkono wa kuzungusha. Udongo unasagwa na kuchanganywa na maji uwe uji mzito, unapakwa kwenye kikombe, unakatwa mfereji katikati. Kijana anazungusha mkono, kikombe kinapanda na kuanguka sentimita moja, tak, tak, mara mbili kwa sekunde, na yeye anahesabu mpaka kingo za mfereji zigusane kwa urefu wa milimita 13. Kiasi cha maji ambacho udongo unahitaji ili ugusane kwa mapigo 25 ndicho kikomo chake cha kuwa kimiminika. Halafu wanauviringisha udongo uleule kwenye kioo uwe uzi wa milimita 3. Ukianza kukatika katika unene huo, wanapima maji yaliyomo, na hicho ni kikomo cha kufinyangika. Mswidi Albert Atterberg ndiye aliyevianzisha vikomo hivyo mwaka 1911. Tofauti ya namba hizo mbili inakwambia kama udongo wako ni mtulivu au ni mkorofi. Wangu, ule wa katikati ya mabonge, ulitoa 13. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mbuga nyeusi ya mtu kutoka upande wa Magu: 41. Udongo wa namna hiyo unakunywa maji na kuvimba mpaka unainua sakafu, kisha kiangazi unanywea na kuiacha ikining'inia. Nilimwonea huruma mwenye ule mfuko.

Kipimo kinachochelewesha ripoti ni cha kukandamiza. Kisahani cha udongo kinawekwa kwenye pete ya chuma, kinabebeshwa mzigo na kuachwa saa 24, halafu mzigo unazidishwa mara mbili, saa 24 nyingine, na kuendelea, huku saa ya mshale ikisoma kimebonyea kiasi gani. Mchanga ukibebeshwa unatitia papo hapo, ukimaliza umemaliza. Mfinyanzi uliojaa maji unatitia kadiri maji yanavyoweza kujipenyeza nje, na hilo linaweza kuchukua miaka mingi baada ya wapangaji kuhamia. Mtu akikuletea ripoti kamili ya mfinyanzi kesho yake, ujue kipimo hicho hajakifanya.

Nyota waliyoikosa, waliikosa ofisini.

Kwanza ripoti ilichelewa zaidi ya walivyoahidi, na simu zikawa hazipokelewi, au zinapokelewa na mtu anayesema "iko kwa bosi inasainiwa". Ilipofika ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Hilo nililitegemea, nikampa mwanangu wa mwisho anisomee sebuleni. Ukurasa wa sita akasimama. "Mama, hapa wanasema eneo la mradi ni tambarare na limezungukwa na migomba na mikahawa." Kahawa, Luchelele! Hiyo ni Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wamechukua ripoti ya mteja mwingine wakabadilisha jina la juu. Matobo na vipimo vilikuwa vyangu, nilivikagua kimoja kimoja nikilinganisha na namba nilizoandika kwenye daftari langu la dagaa, lakini maelezo ya eneo yalikuwa ya watu wengine. Nilipokwenda, bosi wao alisema ni makosa ya uchapaji. Nikamwambia makosa ya uchapaji ni herufi. Shamba zima la kahawa si herufi.

La pili ni zito zaidi, na aliyeligundua ni injinia wangu. Baada ya kazi yote ile ya dada, ukurasa wa mapendekezo ulitoa namba moja kwa kiwanja kizima: udongo unabeba kilopaskali 150 (kipimo cha mzigo kwa eneo), weka msingi kwenye kina cha mita 1.5. Kiwanja chenye mwamba kona ya juu, bonge katikati na kichanga legevu chini, kinapewaje namba moja? Ni wazi aliyeandika mapendekezo hakuwa aliyesimama juani. Waliirudia, sikatai, na safari hii waliigawa ardhi sehemu tatu, kila moja na kina chake na uwezo wake. Waliniketisha na dada akanieleza kwa Kiswahili, akichora kwa penseli nyuma ya bahasha, akajibu kila swali bila haraka. Kama wangeanza hivyo, leo ningekuwa naandika nyota tano.

La tatu ni maji, na hapa tulibishana hadi mwisho. Walichoronga kiangazi, mwezi wa nane, wakapima maji ya kona ya chini jioni ileile wakakuta mita 2.1, wakaandika hiyo namba na kufunga tobo. Kwa kiwanja kinachoangalia ziwa, hiyo ni picha ya siku moja. Mwaka 2020 tuliona ziwa lilivyopanda na kuingia kwenye majengo ya watu waliodhani wako mbali nalo. Na maji ya ardhini si suala la unyevu wa ukuta tu. Punje za mchanga zinabeba nyumba kwa kubanana zenyewe kwa zenyewe. Maji yakijaa katikati yake yanazisukuma zisibanane sawasawa, na mchanga uleule, mahali palepale, unabeba mzigo pungufu. Niliomba waache bomba lenye matundu ndani ya tobo ili nipime miezi yote. Wakasema halimo kwenye bei. Nikanunua bomba la plastiki mwenyewe, yule fundi sanifu akanitobolea matundu na kulizungushia kokoto ndogo bila kunidai, Mungu ambariki. Mwezi wa nne, katikati ya masika, kamba yangu ilikuta maji kwenye mita 0.9. Injinia alipoona hivyo alipunguza uwezo wa kona ya chini na kubadili mpango wa uchimbaji usije ukaangukia msimu wa mvua.

Mtaniuliza ripoti ilibadilisha nini kwenye jengo. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa jengo moja refu, kichwa juu ya majabali, miguu kwenye kichanga. Nyumba ikititia yote sawasawa sentimita mbili, hakuna atakayejua. Ikititia kona moja huku nyingine imeshikwa na mwamba, ukuta unachanika kwa mshazari kuanzia kona za madirisha, na lipu utakayoibandika kila mwaka haitasaidia. Injinia amelikata jengo kuwa mawili yenye upenyo kati yake unaokwenda hadi msingi, kila moja litulie kivyake. La juu linasimama juu ya mwamba uliosawazishwa. La chini, nguzo zake zinashuka kupita kichanga hadi kwenye mwamba uliooza lakini mgumu, ule wa N 38. Lile bonge la katikati, vijana wanaopasua kokoto huku juu walilifukua sehemu iliyokuwa inaingia kwenye msingi, wakalipasua kwa moto na nyundo, na kokoto zake nikazinunua tena kutoka kwao kwa bei ya jamaa. Gharama ya msingi ilipanda. Gharama ya kubomoa ukuta uliochanika nikiwa na wapangaji ndani sijaipigia hesabu na sitaki.

Kwa anayejenga vyumba viwili vitatu vya chini kwenye luseni kavu, sidhani anahitaji kampuni hii. Achimbe mashimo kadhaa ya kimo cha mtu, kwenye kona zote, amwite injinia aliyesajiliwa ayaingie kwa miguu yake na kuyatazama. Lakini ukiwa na ghorofa, au mteremko wenye majabali, au mbuga, au ziwa mbele yako, lipa. Na kwenye mkataba andikisheni mapema bei ya mita moja ya udongo na bei ya mita moja ya mwamba, kwa sababu zile mita za ziada alizozidai dada walitaka kuniongezea mwishoni, tukakutana katikati. Mimi nililipa nusu ya hela siku ile Canter ilipoingia, robo sampuli zilipofika maabara, na robo ya mwisho niliishikilia mpaka mikahawa ilipong'olewa kwenye ukurasa wa sita.